Saa kumi na moja jioni ni 17:00: nilivyoanza na API ya mfumo wa kuhifadhi nafasi

Mjomba wangu ana mashua mbili za injini pale Dunga, kusini mwa katikati ya jiji la Kisumu, na kwa miaka mingi amekuwa akiwapeleka wageni ziwani kutazama viboko, ndege na machweo, huku nafasi zote zikiandikwa katika daftari moja la mistari linalokaa ndani ya mfuko wa nailoni ili lisilowe. Daftari hilo lilitosha wageni walipokuwa wakija wenyewe ufukweni au wakipiga simu. Lilianza kuelemewa hoteli mbili za Milimani zilipoanza kumletea wageni, na wengine wakawa wanamwandikia kwa WhatsApp usiku, naye akiwajibu kwa kukumbuka tu, kwa sababu daftari limebaki ndani ya mashua. Jumamosi moja vikundi viwili vilifika kwa ajili ya mashua ile ile na saa ile ile, kimoja kikiwa na watoto waliokuwa wamengoja safari hiyo wiki nzima, na ikabidi kimoja kirudi. Jioni ile mjomba aliniita. "Mwanangu," akasema, "wewe si kazi yako ni kompyuta? Nitafutie njia ya daftari moja kuwa mikononi mwa sisi sote kwa wakati mmoja."

Sikutaka kuandika mfumo mzima kuanzia mwanzo, kwa kuwa kalenda, malipo, kughairi safari na barua pepe za uthibitisho ni mambo ambayo wengine wameyafanyia kazi kwa miaka, na mtu anayeandika programu usiku baada ya kutoka kwenye ajira yake hawezi kuwafikia. Nilichukua mfumo uliopo tayari mtandaoni, unaolipiwa kwa mwezi na wenye API, yaani mlango ambao programu yangu inaweza kuupitia ili kuuliza na kuandika nafasi bila mtu kufungua ukurasa na kubofya. Kwa mlango huo, tovuti ndogo ya mjomba, simu ya binti yake anayepokea wageni, na meza za mapokezi za zile hoteli mbili zote zingesoma daftari moja. Maelezo niliyoyapata nilipoanza yalifundisha vizuri namna ya kutuma ombi la kwanza, lakini yalinyamaza kuhusu mambo yaliyonichukua wiki tatu zilizofuata, na hayo ndiyo ninayotaka kuyaandika.

Kabla ya mstari wowote wa programu, nilisoma nyaraka zao nikiwa na karatasi na kalamu, nikaandika kila nomino waliyoitumia. Karibu kila mfumo wa aina hii una mambo manne: huduma inayouzwa, kifaa au mtu anayeitoa, kipindi cha muda kilicho wazi, na nafasi iliyohifadhiwa kwa jina la mteja. Kwetu huduma ni safari ya machweo, kifaa ni mashua, kipindi ni muda wa saa mbili. Jambo lililonipa shida ni uwezo wa kila mashua, maana mashua kubwa ina viti kumi lakini mjomba alikuwa na jaketi za kuokolea nane tu zilizo katika hali nzuri. Nyaraka zilitaka tarakimu moja, nami niliandika nane. Nadhani huu ndio uamuzi muhimu kuliko wote niliofanya katika kazi nzima, na haukuhusu programu hata kidogo. Mfumo utauza chochote utakachouambia kuwa kipo, kwa hiyo tarakimu hiyo lazima itoke ufukweni kwa nahodha, isitoke mezani kwa fundi.

Ufunguo wa API ni mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaoambatana na kila ombi, na yeyote aliye nao anaweza kufanya lolote ambalo ufunguo huo umeruhusiwa kulifanya, kwetu pamoja na kusoma majina na namba za simu za wageni. Mfumo wetu ulitoa funguo mbili, moja ya mazingira ya majaribio na nyingine ya kazi halisi. Mwanzoni niliuweka ufunguo wa majaribio ndani ya msimbo wa ukurasa wenyewe, ambapo mgeni yeyote wa tovuti anayejua kufungua chanzo cha ukurasa angeuona, na kisha nikaupeleka msimbo huo kwenye hazina ya wazi mtandaoni, yaani ghala la msimbo ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma. Nilipogundua kosa hilo niliufuta kwenye faili, lakini kuufuta hakutoshi, kwa sababu Git, programu inayotunza matoleo ya msimbo, huhifadhi historia ya kila badiliko na ufunguo ulibaki katika faili ya jana. Dawa ni moja tu: kuubatilisha ufunguo huo kwenye akaunti, kutoa mwingine, na kuuweka huo mpya kwenye seva, nje ya msimbo kabisa. Ukurasa wa mgeni huzungumza na seva yangu, na seva yangu peke yake ndiyo huzungumza na mfumo.

Ombi la kwanza lilikuwa la GET, la kuuliza orodha ya huduma tu. Jibu la kwanza lilikuwa 401, maana yake seva haikunitambua, na sababu ilikuwa nafasi tupu iliyoingia mwishoni mwa ufunguo nilipounakili. Jibu la pili lilikuwa 200, lenye orodha isiyo na kitu ndani yake, na hilo lilinisumbua zaidi kuliko kosa lenyewe, kwani 200 husema kila kitu kimekwenda sawa. Kumbe mazingira ya majaribio yana hifadhidata yake, na mashua nilizokuwa nimezisajili kwenye akaunti halisi hazikuwamo. Nilizisajili upya kule kwa mkono, nikatuma ombi tena, na orodha ikaja katika umbo la JSON, yaani maandishi yaliyopangwa kwa majina na thamani zake, mashua mbili na safari tatu. Anayeanza leo nampa ushauri mmoja hapa: asitoke kwenye maombi ya kusoma mpaka aweze kueleza kila sehemu ya jibu analopokea, hata zile ambazo hazitumii, kwa sababu kosa la kusoma halimdhuru mgeni, lakini kosa la kuandika linamfikia.

Kisha likaja suala la saa. Mjomba husema "saa kumi na moja jioni", na binti yake anaandika 11 kwenye daftari, na hakuna mtu wa Dunga aliyewahi kukosea kuisoma, maana sisi huhesabu saa za mchana kuanzia jua linapochomoza. Mfumo hauna habari na jua. Wenyewe unataka 17:00, na ukiuandikia 11:00 utaipokea bila kulalamika na kumwekea mgeni safari ya saa tano asubuhi. Katika fomu ya kwanza niliyoitengeneza kwa ajili ya binti wa mjomba kulikuwa na kisanduku tupu cha kuandika saa, naye akaandika kama anavyoandika siku zote. Kosa halikuwa lake. Mtu anayezungumza Kiswahili na kupewa kisanduku tupu kilichoandikwa "Saa" ana haki ya kuandika saa ya Kiswahili. Nilikiondoa kisanduku hicho, nikaweka orodha ya kuchagua ambayo kila mstari wake una maneno na tarakimu pamoja, "Saa kumi na moja jioni, 17:00", na mstari huo huo ndio unaokwenda kwenye ujumbe wa uthibitisho wa mgeni, ili mgeni wa Kisumu na mgeni kutoka Uholanzi wasome kitu kimoja.

Baada ya hapo nilidhani nimemaliza, kumbe kulikuwa na ngazi ya pili. API yetu hupokea muda kwa utaratibu wa ISO 8601, ambao ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1988, ambapo mwaka hutangulia, kisha mwezi, siku, herufi T, saa, na mwishoni tofauti na saa ya kimataifa ya UTC. Kenya iko saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima, kwa hiyo safari ya machweo ya Jumamosi tarehe 16 Agosti 2025 huandikwa 2025-08-16T17:00:00+03:00. Mimi nilikuwa nimenakili mfano kutoka kwenye nyaraka, na mfano huo uliishia na herufi Z, ambayo maana yake ni UTC yenyewe. Nilibadilisha tarehe na saa, nikaiacha Z mahali pake. Mfumo ukaelewa kwamba safari ni saa 17:00 za UTC, ambazo kwetu ni 20:00, saa mbili usiku, wakati ambapo jua la Kisumu limekwisha kuzama zamani, kwani hapa karibu na ikweta huzama kuanzia karibu saa kumi na mbili na nusu hadi karibu saa moja jioni, mwezi wowote. Nililiona kosa hilo katika mazingira ya majaribio, kwenye kalenda ya mfumo, na nashukuru kwamba halikumfikia mgeni aliyesimama ufukweni akisubiri.

Tofauti ya saa tatu ni rahisi kwetu kwa kuwa Kenya haibadilishi saa kwa majira. Ugumu huja kwa mgeni aliyeko London, ambako saa husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudishwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo tofauti kati yetu na wao ni saa mbili wakati wa kiangazi chao na saa tatu wakati wa baridi. Kivinjari chake, kikiachiwa kazi ya kuonyesha saa, kitamwonyesha safari ya 17:00 kuwa ya 15:00 mwezi wa Agosti, na ataingiza 15:00 kwenye shajara yake, kisha atasafiri nayo mpaka Kisumu. Uamuzi wangu ni kwamba saa ya safari ionyeshwe siku zote kwa saa ya mahali safari inapofanyika, mgeni awe popote. Katika mipangilio ya akaunti nilichagua jina Africa/Nairobi, ambalo ndilo jina la ukanda wetu wa saa katika orodha inayotumiwa na kompyuta duniani kote, badala ya kuandika +03:00 kwa mkono kila mahali.

Kuna pia suala la usiku, ambalo sijaliona likitajwa popote. Wageni wengine hutaka kutazama taa za wavuvi wa omena ziwani, na safari hiyo hufanyika katikati ya usiku. Mtu akisema "saa nane usiku wa Jumamosi", wengine huelewa usiku unaofuata mchana wa Jumamosi, na mfumo ukipewa Jumamosi 02:00 utaelewa usiku uliotangulia, yaani saa ishirini na nne kabla. Katika orodha ya safari hiyo nimeandika "usiku wa kuamkia Jumapili" pamoja na tarehe ya Jumapili. Magazeti yetu yamekuwa yakiandika hivyo siku zote, na ninaona ndiyo njia salama zaidi tuliyo nayo.

Kuandika nafasi ni ombi la POST, na katika mfumo wetu hufanyika kwa hatua mbili: kwanza unaishikilia nafasi kwa muda mfupi, kisha unaithibitisha malipo yakiingia. Hatua hizi mbili niliziona kama urasimu mpaka nilipozipanga pamoja na malipo ya M-Pesa. Safaricom iliwafungulia watengenezaji wa programu API yake iitwayo Daraja mwaka 2017, miaka kumi baada ya M-Pesa yenyewe kuanza mwaka 2007, na kwa API hiyo seva yangu huomba simu ya mgeni ionyeshe kiasi cha kulipa naye aingize namba yake ya siri. Jibu la papo hapo la ombi hilo husema tu kwamba ombi limepokelewa. Halisemi kwamba pesa zimelipwa. Matokeo huja baadaye kwenye anwani uliyoitaja, baada ya mgeni kuweka namba ya siri, au kukataa, au kuiacha simu mpaka muda ukapita. Katika dakika hizo kiti lazima kiwe kimeshikwa na mtu mmoja, la sivyo mwingine atakichukua, na tutarudi kwenye ile Jumamosi ya vikundi viwili. Sisi tunakishikilia kwa dakika kumi. Mtu wa pili akikiomba, mfumo humjibu 409, yaani kuna mgongano, na ukurasa wetu humwambia kwa maneno ya kawaida kwamba nafasi hiyo inalipiwa na mtu mwingine na ajaribu tena baada ya muda mfupi. Namba ya simu nayo hubadilishwa kabla ya kutumwa, kwani mgeni huandika 07 au 01 na Daraja hutaka ianze na 254.

Mtandao wa Dunga hukatika, hasa mvua inapokaribia, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sasa ningeliweka mbele ya mengine yote, ukiacha suala la saa. Binti wa mjomba alituma nafasi ya watu wanne, ukurasa ukazunguka bila jibu, akabofya tena. Ombi la kwanza lilikuwa limefika na kuandikwa. Lililopotea njiani ni jibu. La pili likaandikwa pia, na mashua ikaonekana imejaa watu wanane ilhali walikuwa wanne. Hakuna aliyeumia, ila wageni wengine walikataliwa kwa ajili ya viti vilivyokuwa vitupu. Mifumo mingi ina dawa ya jambo hili, na ilikuwa katika nyaraka, sehemu niliyoiruka: kila jaribio la kuhifadhi nafasi hupewa kitambulisho chake cha pekee, kinachotengenezwa mara fomu inapofunguliwa na kutumwa pamoja na ombi, na ombi lile lile likija mara mbili likiwa na kitambulisho kile kile, mfumo hurudisha jibu la mara ya kwanza bila kuandika nafasi mpya. Ni mistari mitano ya msimbo. Usifungue huduma yako kwa umma kabla hujaiandika.

Njia ya upande wa pili ni arifa ambazo mfumo hutuma kwa seva yako nafasi inapowekwa, kubadilishwa au kughairiwa mahali pengine, kwa mfano kwenye meza ya hoteli. Anwani inayozipokea iko wazi kwa dunia nzima, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kukutumia arifa ya uongo. Kila arifa ya kweli huja na saini iliyotengenezwa kwa HMAC na SHA-256, yaani hesabu za kompyuta za kuthibitisha mtumaji, kutokana na maandishi yake pamoja na siri mnayoijua ninyi wawili. Hesabu saini hiyo upya upande wako juu ya maandishi kama yalivyofika, kabla programu yako haijayapanga upya, na ukiona hazilingani, ikatae. Jibu 200 upesi, kisha ndipo ufanye kazi nyingine, na utarajie kwamba arifa moja inaweza kuja mara mbili au ya pili ikatangulia ya kwanza.

Kikomo cha maombi nilikifikia siku ya kwanza tu, kwa sababu ukurasa wa kalenda ulikuwa ukiuliza kila siku ya mwezi peke yake, maombi thelathini kwa mgeni mmoja, na mfumo ukaanza kujibu 429, yaani maombi yamezidi. Sasa huuliza mwezi mzima kwa ombi moja.

Kwa habari za wageni, tunauliza jina, namba ya simu na idadi ya watu, basi. Fomu ya mfano iliyokuja na mfumo ilikuwa na sehemu za tarehe ya kuzaliwa na anwani ya makazi, nami niliziondoa, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ukusanye kile tu unachokihitaji kwa kazi uliyoitaja, na mashua haihitaji kujua mtu alizaliwa lini.

Kinachonishughulisha wiki hii ni upepo. Alasiri nyingine ziwa huchafuka ghafla, na mjomba akisema hatutoki, hatutoki, hata kama mashua imelipiwa yote. Mwanzoni nilikuwa nikizifuta nafasi hizo kwa ombi la DELETE, na pamoja nazo ikapotea kumbukumbu ya nani alilipa kiasi gani, mpaka tukazitafuta pesa hizo katika ujumbe wa simu mmoja mmoja. Sasa nafasi iliyoghairiwa hubadilishwa hali yake tu, na kumbukumbu inabaki. Anayetaka kuhamia asubuhi ya kesho yake tunamhamisha kwa ombi moja la PATCH linalobadilisha muda, kwa sababu nilipokuwa nikighairi kwanza na kuhifadhi upya baadaye, kiti cha asubuhi kiliwahi kuchukuliwa na mtu mwingine katikati ya hatua hizo mbili. Jana mjomba aliwahamisha watu sita hivyo, kutoka saa kumi na moja jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akiwa amesimama kando ya mashua na simu mkononi, na kabla hajaizima skrini, ujumbe ulikuwa umewafikia wote sita ukiwa na maneno na tarakimu pamoja. Kisha akatoa daftari kwenye mfuko wa nailoni, akaandika vilevile.